Ubao Mkorofi wa Wifi Unyoya

Dada mkubwa wa mume wangu, ambaye mimi ni wifi yake na yeye ni wifi yangu, mtaani wanamwita Unyoya, na wengi wameshasahau kwamba ana jina jingine. Jina hilo alipewa kwa sababu ya randa. Ukimkuta anasukuma randa ya mkono juu ya ubao, kinachotoka kwenye kile chuma ni utepe mwembamba unaojikunja wenyewe kama unyoya wa kifaranga. Ukiupuliza unapaa.

Wiki ya kwanza nilipoolewa hapa aliniita karakanani kwake, akaniwekea utepe mmoja juu ya kiganja, akaniambia, "Soma hapo."

Nikamwambia sioni maandishi.

"Mistari ya kiganja chako huioni?"

"Naiona."

"Basi. Ukiona kiganja chako chini ya utepe, hapo ndipo mtu amepiga randa. Mengine yote ni kukwangua."

Karakana yenyewe ni chumba cha nyuma, zamani kilikuwa stoo. Ukuta wake mmoja ndio ukuta wa chumba changu mimi. Kuna benchi la kazi lililochakaa upande mmoja tu, ule anaosimama yeye. Randa zake tatu hazikai kwa tumbo, zinalazwa ubavu ili visu visiguse kitu. Kikombe chake cha chai hufunikwa kwa kipande cha plaiwudi, na ukisahau kukifunika unakunywa chai na maranda. Mimi nikimaliza kazi zangu hukaa mlangoni pale na mtoto. Sipendi sana kuongea, lakini napenda kutazama mtu anayejua anachokifanya.

Kazi hakusomea. Aliingia kwenye yadi ya mbao akiwa msichana, kazi yake kufagia. Akawa anafagia polepole makusudi, pale mafundi walipokuwa wakinoa visu, pale walipokuwa wakiunga droo. Siku moja fundi mmoja akatoka kwenda kula, akarudi akakuta ubao wake umeshapigwa randa. Akauliza nani kafanya. Wakanyamaza wote, yeye kashika ufagio. Fundi akapitisha mkono juu ya ule ubao, akasema, "Huyo mwizi aje kesho aniibie na ule mwingine." Ndivyo alivyoanza.

Aliwahi kuolewa. Yeye mwenyewe ndiye anayesimulia, na kila akisimulia anacheka. "Akaniambia nichague, yeye au randa. Nikawaangalia wote wawili. Yeye alikuwa anapiga kelele, randa ilikuwa imenyamaza. Nikamchagua mwenye adabu."

Mwaka jana nilianza kuona mambo madogo. Kikombe alikuwa akikishika kwa mkono wa kushoto. Mlango wa karakana alikuwa akiusukuma kwa nyonga. Nikimpa mtoto ambebe, anampokea juu ya mikono, si kwa viganja, kama mtu anayepokea kuni. Na utepe unaotoka kwenye randa ukawa unakatika katikati. Nilingoja siku nilipokuwa nampeleka mtoto kupimwa uzito, nikamwambia, "Wifi, nisindikize, foleni ni ndefu." Tulipofika nikamwambia muuguzi kuna mkono mwingine hapa wa kutazamwa.

Unyoya alinikazia jicho moja ambalo silisahau. Lakini akautoa mkono.

Muuguzi alikibonyeza kile kifundo cha mkono, akakizungusha, akauliza anafanya kazi gani. Akaelezwa. Akasema, "Mama, hiki kimechoka. Kazi nyingine unaweza. Lakini kusukuma hiyo randa kutwa nzima, ukiendelea mwaka mmoja tu, hutaweza hata kufunga kifungo cha gauni lako."

Tulipokaribia nyumbani akasema, "Nikiacha randa mimi nitakuwa nani, wifi? Nikae sebuleni kwenu nihesabu vigae?" Nikamwambia sebule yetu haina vigae. Akacheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka.

Haikupita wiki mbili akaja mwalimu mkuu wa chekechea iliyo mtaa wa pili. Alikuwa anataka meza kumi na mbili za watoto. Ni mama mnene mwenye sauti ya chini, akisema jambo unainama usikie. Alisema, "Meza nilizonazo zinawachoma watoto vibanzi. Kila siku ni sindano na spiriti. Nitengenezee mbili kwanza, mwisho wa mwezi nizione. Nikiridhika, na zile kumi ni zako. Nisiporidhika, tutabaki majirani wema."

Unyoya akaitikia ndiyo kabla hata ya kuuangalia mkono wake. Alipoondoka mwalimu, akakaa juu ya benchi. Mbao za meza mbili tu, juu na chini, kwa randa ya mkono, zingemaliza kile kifundo. Kuzipeleka yadi wakazipige randa kwenye mashine yao kubwa, unapanga foleni siku kumi, na zikirudi zina mawimbi kama bati. Ndipo akasema neno ambalo sikuwahi kulitarajia kwake.

"Nitanunua mashine."

Alikuwa na akiba yake, ya miaka. Ya mashine moja tu. Akikosea hapo, hakuna ya pili.

Mashine yenyewe inaitwa randa ya umeme ya mezani. Haizidi ukubwa wa cherehani mbili zilizowekwa pamoja. Unaingiza ubao upande huu, rola mbili za mpira zinaushika na kuuvuta, juu kuna mhimili wenye visu unaozunguka na kuukwangua, ubao unatoka upande wa pili ukiwa mwembamba zaidi, na unene wake ni ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndivyo inavyotakiwa.

Tulikwenda watatu, mimi, yeye na mtoto mgongoni kwenye mbeleko. Unyoya alibeba ubao mmoja kwapani, umefungwa kwa shuka safi. Duka la kwanza lipo kona ya barabara ya mafundi, na mwenyewe tulimbatiza siku ile ile jina la Garantii, mtasikia kwa nini. Alikuwa na mashine mbili, moja nyekundu na moja ya kijivu.

"Hii nyekundu, dada fundi, ni simba," akasema.

"Mimi nimekuja kununua randa. Simba nitamfuga wapi?"

"Ina visu viwili, inakula milimita tatu kwa mara moja. Na ina garantii."

"Visu vikiisha makali navipata wapi?"

"Ina garantii."

"Nauliza visu."

"Na visu vina garantii."

"Ya kukata au ya kutokata?"

Garantii akacheka, akawasha. Mtoto wangu aliruka mgongoni kama aliyechomwa, akaanza kulia. Sauti ile ilikuwa ya kupasua bati. Unyoya akafungua shuka, akaingiza ubao wake, ukatoka upande wa pili unang'aa.

Ile ya kijivu ilikuwa tofauti. Haikuwa na visu virefu. Mhimili wake umezungushiwa meno madogo madogo ya mraba, yamepangwa kama ngazi inayozunguka mnara. Inakula kidogo kidogo, na bei yake ilikuwa imeipita nyekundu kwa mbali. Ilipowashwa ilinguruma tu kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Mtoto aligeuza shavu, akaendelea kunyonya kidole. Ubao ukatoka unang'aa vile vile.

Mashine ya tatu ilikuwa kwa fundi mota, mzee mmoja mkimya ambaye karakana yake inanuka vanishi iliyoungua. Hiyo ilikuwa imetumika. Ilitoka kwenye shule iliyofunga darasa lake la useremala. Visu vitatu, uzito kama sefu, na ina komeo la kukaza mhimili usicheze. Fundi mota hakuisifu. Alisema tu, "Haichoki. Lakini visu vyake vimeacha kutengenezwa, mimi nachonga mwenyewe." Ubao wa Unyoya ukapita na hapo, ukang'aa.

Nyumbani akaniambia, "Andika wewe, hati yako ni nzuri." Nikageuza karatasi ya kalenda ya mwezi uliopita, nikaandika anavyonitajia: upana, kina, uzito, visu. Mwishoni nikaongeza la kwangu, kelele, nikaandika mbele ya nyekundu: mtoto alilia. Alipoona akasema, "Ehee, na mtoto naye fundi!" Mume wangu, ambaye anafanya kazi kiwanda cha mikate na hulala mchana, akapita anapiga miayo.

"Bado mnachagua tu? Mchagua jembe si mkulima."

"Wewe nenda kalale," dada yake akamwambia. "Jembe la pili utaninunulia wewe? Wewe ambaye mswaki wako nilikununulia mimi?"

Kwenye ile karatasi mashine zote zilikuwa zimetoa ubao safi. Basi akaangalia bei na kasi, akasema nyekundu. Kesho yake angeenda kulipa. Akaanza na kuimba.

Mimi nilikuwa namwogesha mtoto kwenye beseni pale mlangoni. Nilikuwa na neno, nimekaa nalo siku mbili, nikiona kama si langu la kusema. Mimi nimeishia darasa la saba, na ya mbao nimeyajulia mlangoni.

"Wifi, ningekuuliza kitu."

"Uliza, hulipii."

"Ule ubao uliotembea nao, ndio utakaotengenezea meza?"

"Ule? Thubutu! Ule ni ubao wangu wa heshima. Hauna jicho hata moja, umenyooka kama sala. Nauweka ukutani wateja wauone."

"Na mbao za meza ni zipi?"

Akazielekeza kwa kidevu. Zilikuwa zimepangwa chini ya dirisha, mbao za msonobari, zina macho meusi hapa na pale yalipokuwa matawi, nyingine zimejipinda.

"Sasa mbona hukupeleka mmoja wa hizo?"

Akacheka sana. "Wifi yangu! Fundi anaingia kwa watu na ubao kama huo? Wataondoka wanasema, mmeona mbao za Unyoya? Afadhali niende bila viatu."

Nikammwagia mtoto maji ya mwisho. Nikasema, "Mimi mtoto akikohoa nampeleka yeye mwenyewe kliniki. Siazimi wa jirani asiyekohoa kwa sababu naona aibu."

Kuimba kulikoma. Aliweka kikombe chini, bila kukifunika.

"Hilo neno umekaa nalo tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Tangu juzi! Na mimi kesho nalipa! Wewe mwanamke utaniua na ukimya wako huo." Lakini alikuwa ameshapiga magoti kwenye zile mbao, anazipindua mmoja mmoja, anatafuta mbaya kuliko zote.

Aliupata. Ulikuwa mrefu kunipita, una macho matatu, na karibu na jicho la katikati nyuzi zake zilizunguka kama nywele za utosini mwa mtoto, zile ambazo hata uchane vipi hazilali. Kwa randa ya mkono, ubao kama huo unaupiga kutoka huku unanyofoka, unaupiga kutoka kule unanyofoka. Ncha moja ilikuwa imejipinda kidogo. Akauita mkorofi.

Kesho yake tukaubeba njia nzima bila shuka. Yeye mbele, mimi nyuma, mtoto mgongoni. Watu wa mtaa hawakutuacha.

"Mawifi, mnahama na mlango?"

"Tunamrudisha kwao!" Unyoya akajibu. "Ametushinda tabia."

Garantii alipouona akakunja uso. "Dada fundi, huo ubao utaniharibia mashine."

"Si ina garantii?"

Mafundi wawili waliokuwa dukani wakaangua kicheko, na Garantii ikabidi awashe.

Nyekundu ilipiga kelele zake. Ulipofika kwenye macho, sauti ilibadilika, ikawa kama mbwa anayetafuna mfupa. Ubao ulipotoka, pale nyuzi zinapozunguka palikuwa pamenyofoka, mashimo madogo madogo kama kuku amedonoa. Na kule mwisho, urefu wa kiganja kimoja, mashine ilikuwa imeng'ata. Ukipitisha ukucha unashuka ngazi.

"Hiyo ncha unaikata tu," Garantii akasema. "Mashine zote zinang'ata ncha."

"Nikikata ncha ya kila ubao, nitabaki na meza ya kuwekea kikombe."

Tukaugeuza upande wa pili, tukauingiza kwenye ile ya kijivu. Ilikwenda polepole, Unyoya akaurudisha mara tatu kwa sababu inakula kidogo. Ulipotoka alipitisha mkono. Mimi nikamvua mtoto soksi moja ya sufu, nikaivaa mkononi, nikaipitisha juu ya ubao kutoka mwanzo hadi mwisho. Haikunasa popote, hata juu ya macho. Kule mwishoni niliona alama ya kung'atwa, lakini kama kivuli tu. Nikageuza upande wa nyekundu. Soksi ilinasa mara nne, mara ya mwisho uzi ukachomoka.

"Haya, na soksi nayo ina garantii?" Unyoya akamuuliza mwenye duka. Lakini aliniangalia mimi, na nikajua ameelewa kwamba bila mkorofi, siku hiyo angebeba nyekundu nyumbani.

Tulikwenda na kwa fundi mota. Ile nzito haikung'ata ncha hata kidogo, kwa sababu ya lile komeo. Pale nyuzi zinapozunguka palinyofoka kidogo, mahali pamoja tu. Bei yake ilikuwa nusu ya ile ya kijivu. Nilimwona Unyoya moyo unamwenda huko. Alizunguka ile mashine, akaipiga kofi ubavuni kama ng'ombe.

"Nionyeshe jinsi visu vinavyobadilishwa," akamwambia.

Fundi mota akafungua kifuniko. Kila kisu kilishikwa na skrubu saba, zimekazwa hasa, na vyote vitatu vinatakiwa visimame sawa sawa, kimoja kikizidi hata unene wa karatasi kazi imeharibika. Akampa Unyoya spana ajaribu. Unyoya akaishika kwa mkono wa kulia, akakaza meno, akaihamishia kushoto haraka, kama vile ndivyo alivyokusudia. Skrubu haikusogea.

Fundi mota aliangalia ule mkono. Akaichukua spana taratibu, akaifuta kwa kitambaa.

"Dada," akasema, "usinunue mashine yangu."

"Mbona unajiharibia biashara?"

"Nataka kuiuza, sana. Ina miezi minane hapo, najigonga nayo mguu kila siku. Lakini visu hivi utavifungua kila baada ya kazi mbili tatu. Mkono huo hautafika mwaka." Akajikuna shingo. "Ile ya kijivu ya pale kona, jino likiisha makali unaligeuza kwa ufunguo mdogo kama wa kufungulia sanduku. Lina pande nne. Hata kushoto utaweza."

Sijawahi kumwona mtu mwingine akimtajia Unyoya ule mkono usoni, mbali na muuguzi. Nilidhani atafoka. Akasema, "Asante, kaka," na sauti yake ilikuwa ndogo. Kisha akageuka kwangu, "Wifi, shika mkorofi wako twende."

Alinunua ya kijivu. Msumeno mpya aliokuwa ameupanga akauahirisha. Mume wangu aliamka kutoka usingizi wake wa mchana akaisukuma kwenye mkokoteni, akilalamika njia nzima kwamba yeye ni mwoka mikate, na dada yake akimjibu kwamba akilalamika tena atamla yeye badala ya mkate.

Sasa ningependa kusema kuanzia hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka siku ile. Aliiweka kwenye meza ya miguu mizito, akaukata ule ubao mkorofi vipande vya urefu wa meza, akaingiza kipande kimoja. Kikaingia, kikatoka, laini kama shavu la mtoto. Akakiweka juu ya benchi bapa, akabonyeza kona. Kikayumba. Koko, koko. Akakirudisha mashineni mara mbili, tatu. Koko, koko.

"Mashine mbovu?" nikauliza.

"Hapana." Akakaa. "Mimi ndiye niliyesahau. Rola zinaubana ubao unakuwa bapa ukiwa humo ndani, ukitoka unarudia tabia yake. Mashine haifundishi adabu, wifi. Ukiingiza mkorofi mnene, unatoa mkorofi mwembamba. Lazima upande mmoja unyooshwe kwanza kwa mkono."

Tukatazamana. Kwa mkono maana yake randa. Mbao zote za meza zile, upande mmoja mmoja, ni kazi ile ile aliyokatazwa. Alinyoosha mkono akachukua randa kubwa. Nikasimama, nikampa mtoto ambebe.

"Nini sasa?"

"Mbebe kwanza. Nakuja."

Sikuwa na pa kwenda. Nilitaka tu mikono yake iwe na kazi nyingine. Nikaenda nikasimama uani, nikarudi. Nilimkuta amekaa na mtoto magotini, anakitazama kile kipande kinavyoyumba, na mtoto anakipiga kofi. Koko, koko.

"Meza ya jikoni kwako inayumba?" akaniuliza.

"Niliwekea karatasi iliyokunjwa chini ya mguu."

"Mm." Akambusu mtoto utosini. "Sasa huyu naye anataka karatasi yake."

Alichukua ubao mpana wa plaiwudi nene, bapa kabisa, akagongomea kijiti mbele ili kitu kisisukumwe kikaponyoka. Akalaza kile kipande juu yake. Kila palipobaki uwazi chini, aliniambia nichomeke kabari ndogo, nyembamba, taratibu, mpaka kisiyumbe tena bila kukipinda. Tukazibandika kabari kwa gundi. Kisha tukaviingiza vyote pamoja mashineni, plaiwudi chini, ubao juu. Meno ya mashine hayakujua kuna ukorofi. Yalikwangua sehemu za juu tu, mara ya kwanza kidogo, mara ya pili zaidi. Unyoya alikuwa amechora mistari ya penseli ubao mzima, na kila ukipita mistari inapungua, mpaka ukafutika wa mwisho. Tukautoa juu ya kabari, tukaugeuza, tukaupitisha peke yake.

Akauweka juu ya benchi. Akabonyeza kona. Kimya. Akabonyeza nyingine. Kimya.

Akaita, "Baba Mikate! Amka uone!"

Mume wangu akajibu kutoka ndani kwamba ameshaona, na hajafumbua macho.

Ile plaiwudi tuliiita machela, maana inabeba wagonjwa. Kazi yangu ikawa kabari. Nilijua kuzichomeka kuliko yeye, kwa sababu mimi sikazi, naisikiliza tu kabari inapogusa. Kuhusu ile alama ya mwishoni, alitafuta dawa yake. Kila ubao ukikaribia kwisha, tunaufuatisha na mwingine umeugusa nyuma, mashine isijue mwanzo wala mwisho. Wa mwisho kabisa ni kipande cha kutupa, na kama kuna wa kung'atwa ni yeye.

Meza mbili zilikamilika siku tano kabla ya mwisho wa mwezi. Tulizibeba mchana watoto wakiwa wameenda nyumbani. Mwalimu mkuu alipitisha kiganja, akapitisha tena nyuma ya mkono, akainama akapitisha na chini ya meza, kule ambako watoto hushika wakivuta viti. Alitoka huko chini anahema kwa kuinama.

"Hata chini?" akasema kwa ile sauti yake.

"Mtoto ana mikono chini pia," Unyoya akamwambia.

Mwalimu akazunguka meza ya pili, akakaa kwenye kiti kidogo cha mtoto, magoti yakagusa kidevu. Akaweka mikono yake yote miwili juu ya meza kama mwanafunzi.

"Zile kumi," akasema, "zije na viti."

Nilimtazama Unyoya. Hakuruka, hakupiga kigelegele. Aliuficha mkono wa kulia nyuma ya gauni, nikaona vidole vinakunjuka na kukunjika, vinakunjuka na kukunjika, anavihesabu kama vyote bado vipo.

Asubuhi iliyofuata mtoto alikuwa amelala chumbani, nami nilisikia ule mkoromo wa mashine kupitia ukutani. Mtoto hakuamka. Nikafunga kitambaa kichwani, nikapita nyuma.

"Umechelewa, fundi," wifi akaniambia. "Machela inakungoja."

Akaingiza ubao wa kwanza kwa mkono wa kushoto. Mimi nilisimama upande wa pili nikaupokea. Ubao ukitoka mashineni huwa na joto kidogo, kama nguo ya mtoto iliyotoka kupigwa pasi, na harufu yake inakaa mikononi mpaka jioni. Nikaulaza chini ya dirisha, nikarudi kupokea wa pili.